Tokeni ya biashara: kipande cha shaba kinachomtaja mwenye duka na mkewe

Ukitaja tokeni hapa Nairobi, utaulizwa umenunua za shilingi ngapi. Neno limeshikwa na stima: zile tarakimu ishirini unazobonyeza kwenye mita giza likishaingia. Lakini ipo tokeni nyingine, kongwe kuliko stima yenyewe, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu ni miongoni mwa vitu vidogo kabisa vinavyoweza kumfikisha mtu kwa mababu zake.

Tokeni ya biashara ni kipande cha madini kinachofanana na sarafu, ila aliyekitoa si serikali, ni mwenye duka. Thamani yake ni neno la mtu huyo: nirudishie hiki, nami nitakupa bidhaa au pesa halali za kiasi hicho hicho. Basi. Kilichozaa jambo hili ni chenji. Kila aliyewahi kutoa noti dukani akarudishiwa peremende mbili kwa kuwa chenji imekosekana anaijua shida hiyo. Tofauti ni kwamba peremende ukimrudishia muuzaji kesho kama malipo hatazipokea. Tokeni, mwenye duka hakuwa na njia ya kuikana, jina lake lilikuwa limegongwa juu yake.

Mahali ambapo mtindo huu uliacha alama kubwa zaidi ni Uingereza, kati ya mwaka 1648 na 1672. Sarafu za thamani ndogo zilikuwa adimu, na mnunuzi wa mkate au mshumaa mmoja alihitaji pesa ndogo kama farthing, yaani robo ya peni. Wauza vyakula, wenye vilabu vya pombe, waoka mikate na watengeneza mishumaa wakaagiza tokeni zao wenyewe. Zilitolewa kwa maelfu ya aina, mijini na vijijini. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa sarafu za shaba za nusu peni na za farthing, akapiga marufuku zile za watu binafsi.

Sasa ishike moja mkononi. Ni nyembamba, ya shaba nyekundu au ya njano, upana wake kama milimita 16, ndogo kuliko shilingi yetu moja. Upande mmoja jina la mwenye duka limezunguka ukingoni, na katikati kuna alama ya kazi yake, kwa mfano mabonge matatu ya sukari yaliyochongoka kama pia, alama iliyotumiwa na wauza vyakula. Nyumba hazikuwa na namba siku hizo. Mtu alielekezwa kwa kibao kilichoning'inia mlangoni, kwa hiyo picha iliyo kwenye tokeni mara nyingi ndiyo anwani. Upande wa pili kuna jina la mji au mtaa, na katikati herufi tatu zilizopangwa kama mafiga: moja juu, mbili chini.

Hapo kwenye mafiga ndipo nasaba ilipo. Herufi ya juu ni ya jina la ukoo. Ya chini kushoto ni ya jina la mume. Ya chini kulia ni ya mke. Kila nikiiona herufi hiyo ya tatu huwa nasimama kidogo. Katika karne ambayo hati nyingi zilimtaja mwanamke kama mke wa fulani tu, mwenzi wa duka amewekwa kwenye shaba, akapita mikononi mwa mji mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Juu kuna H, chini T na M, na ukingoni jina ni Thomas. Mjini humo wapo akina Thomas wawili wenye jina moja la ukoo, mmoja kaoa Ann, mwingine kaoa Margaret. M imekwisha kuamua. Unaingia kwenye rejista za parokia, ambazo makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuziandika tangu 1538, unatafuta ndoa yao, kisha ubatizo wa watoto, kisha mazishi. Ukikuta Margaret alizikwa na Thomas akaoa tena mke ambaye jina lake halianzi na M, umepata zaidi ya ulichotafuta: tokeni isiyo na mwaka ilitengenezwa Margaret angali hai.

Ushahidi mwingine unatoka jikoni. Kuanzia 1662 hadi 1689 kulikuwa na kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Orodha zake zinataja mwenye nyumba na idadi ya meko yake, nawe unaona kama mtoa tokeni alikuwa mchuuzi wa chumba kimoja au mwenye nyumba kubwa. Wasia ukipatikana ndio wenye utamu kuliko vyote, maana mtu anayegawa mali hutaja watoto, wakwe, ndugu, na hata wadeni wake.

Mitego ipo. Herufi I ilitumika pia badala ya J, kwa hiyo I inaweza kuwa John au Joan. Mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na uliendelea hivyo hadi 1752, kwa hiyo ndoa iliyoandikwa Februari 1664 kwetu ni Februari 1665. Moto mkubwa wa London wa 1666 uliteketeza makanisa 87 pamoja na mitaa iliyotajwa kwenye tokeni nyingi. Na baadhi ya tokeni zina jina la mwanamke peke yake, mara nyingi mjane aliyeendelea na duka. Usimfanye mwanamume kwa mazoea.

Nairobi tulianza na rupia, pamoja na senti zenye tundu katikati, hadi rupia ikaondolewa kati ya mwaka 1920 na 1921 na shilingi ikashika nafasi yake. Lakini njia ya kumfuata mfanyabiashara ni ile ile, na kinachokaa mahali pa tokeni ni kuta. Biashara Street na River Road yapo majengo ya zamani yenye jina na mwaka vilivyochongwa juu kabisa, kwenye saruji.

Jina hilo lisome kwa desturi ya mwenyewe. Kwa wafanyabiashara wengi waliotoka Gujarat, jina la pili ni la baba. Allidina Visram, aliyefungua maduka kando ya reli ya Uganda, ni Allidina wa Visram, kama sisi tunavyosema Ali bin Juma. Mimi niliwahi kumfuata mwenye duka mmoja kwa siku kadhaa kabla sijagundua kuwa ni watu wawili wa mtaa mmoja, jina moja, baba tofauti. Tangu hapo siandiki jina bila la baba.

Ukishakuwa na majina yote mawili, fungua Gazeti rasmi la Serikali, linalotolewa tangu 1899. Matangazo yake ya mirathi hutaja marehemu, alipoishi na siku aliyofariki, na mara nyingi anayeomba kusimamia mali na uhusiano wao: mjane, mwana, ndugu. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kwenye jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, ina mafaili ya kipindi cha ukoloni. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya zamani, na matangazo ya maduka ndani yake yana anwani na bei. Kwa familia za Kihindu, uzi unaweza kuendelea hadi Gujarat kwenyewe, kwa watunza nasaba wa kurithi waitwao Vahivancha, waliopita nyumba kwa nyumba wakiandika wazao wa ukoo kwenye vitabu vyao.

Ila anza na ukuta. Nenda Jumapili asubuhi maduka yakiwa yamefungwa, vuka upande wa pili wa barabara, uinue macho juu ya mabango na nyaya. Andika jina lote kama lilivyochongwa, hata kama tahajia inaonekana na kosa, na mwaka, na jina la jengo la jirani.