"Daktari, mbona ya zamani anayakumbuka yote?"

Swali hili naulizwa kliniki karibu kila wiki. Safari hii aliyeuliza ni binti aliyekuja na mama yake mzazi, na hata sijafungua faili alikwisha anza kumtetea: "Akili yake nzima kabisa. Anakumbuka mpaka mahari yake ilikuwa shilingi ngapi." Nikamwamkia mama, tukaongea. Mahari akaitaja bila kusita. Nikamuuliza, leo asubuhi umekunywa chai na nini? Akatabasamu, akamgeukia binti yake: "Mwambie wewe."

Kule kugeuka nakutazama kwa makini sana. Mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu huegemea kwa aliye karibu naye, tena kwa ucheshi, na nyumba nzima isigundue.

Ugonjwa wa Alzheimer, unaomla mtu kumbukumbu na akili polepole, mara nyingi huanza kuharibu hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayopokea jambo jipya na kuliweka akiba. Mambo ya miaka 50 iliyopita yalishawekwa kwingine. Kwa hiyo mzee anayesimulia harusi yake vizuri, kisha akakuuliza jambo lile lile mara nne ndani ya saa moja, usiseme ana kumbukumbu nzuri. Mlete.

Miwani sote tunaisahau. Mimi huuliza hivi: kazi gani aliifanya maisha yake yote bila kufikiri, na sasa inamkanganya? Mwenye duka anakosea chenji. Mwingine anapotea njia ya msikitini. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Pilau." Sikukuu ya Idd, mama aliyekuwa akiitwa kwenye kila shughuli ya mtaa kwa ajili ya pilau yake alimimina mchele kwenye sufuria kabla ya vitunguu, akabaki amesimama, mwiko mkononi. Walicheka, wakasema uzee. Uzee humpunguzia mtu kasi, lakini haumsahaulishi pilau aliyoipika miaka 40.

Dalili inayoniuma zaidi ni tuhuma. Mzee anaficha pesa, anasahau alikozificha, na kwake jibu ni moja tu: ameibiwa. Katika nyumba zetu anayeumia ni dada wa kazi. Auguste Deter, mgonjwa ambaye Daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, naye alianza kwa kumshuku mumewe. Na mzee akizurura usiku akagonga mlango wa jirani, watasema anawanga. Kanda ya Ziwa, Tanzania, na Kilifi, Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ndiyo maana siwezi kuliandika jambo hili kwa upole.

Lakini usimpachike mzee wako jina la ugonjwa ukiwa nyumbani. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au dawa mpya. Hata kusahau kunakokuja polepole kunaweza kutokana na sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Haya yana tiba. Alzheimer haina dawa ya kuponya. Zipo za kupunguza makali kwa muda, na ukiwahi, mzee mwenyewe bado anaweza kusema nani amtunze na shamba liwe la nani.

Mkija, leteni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za miti shamba, na mtu anayeishi naye. Mkiwa njiani msimsute kwa kusahau.

Nilipomuuliza binti kama mama amewahi kulalamika kuibiwa, aliinamisha kichwa. Mwezi uliopita walimfukuza dada wa kazi, na wiki iliyofuata pesa zikakutwa ndani ya foronya. Akaniomba dakika mbili, akatoka nje na simu yake kumpigia.