Mkwaruzo: si kila sauti ya kero ni kelele

Dawati letu la lugha huulizwa mara kwa mara: ile sauti inayotia ganzi meno, kama ya ukucha unaoburuzwa ubaoni, iitweje? Wengi hujibu "kelele". Lakini kelele ni ukubwa au wingi wa sauti. Harusi ina kelele na hakuna anayelalamika (labda jirani). Jina la sauti hii ni mkwaruzo, na unaweza kuwa mdogo hata aliye chumba cha pili asiusikie, ila wewe umeshakukera.

Mkwaruzo umetokana na kitenzi kwaruza: kupitisha kitu kigumu au chenye ncha juu ya kingine kikaacha alama. Umbo lake ni la Kibantu. Linaishia na a, tofauti na vitenzi vilivyotoka Kiarabu kama rudi, jibu na samehe.

Wapo wanaolichanganya na kwangua. Twende jikoni. Anayekwangua matandu, au ukoko kama wasemavyo wengi bara, anataka kuyatoa. Matandu yakiisha, kijiko kikaendelea kusugua sufuria tupu, hapo sasa anakwaruza. Kukwangua kunaondoa kitu. Kukwaruza kunaacha alama, au mlio.

Kwa hiyo gari lina mkwaruzo mlangoni, na redio ambayo stesheni haijakaa sawa ina mikwaruzo. Mtu naye huwa na sauti ya mikwaruzo, na si lazima iwe kasoro: Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, alitambulika kwa sauti ya namna hiyo katika taarabu. Hata wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, wamelichukua neno. Sauti kama f, s, z, sh na gh, ambazo hewa yake hupenya kwa msuguano kwenye njia nyembamba, vitabu vingi huziita vikwamizo, vingine vikwaruzo.

Penye makosa zaidi ni mkwaruzano. Kiambishi -an- kinaleta watu wawili wanaokwaruzana: mke na mume, kocha na mchezaji, mawaziri wawili. Ni ugomvi mdogo, wa maneno, unaoacha alama bila kuvunja. Mwandishi wa habari anayeandika "mkwaruzano" mahali ambapo watu wamepigana mapanga amepunguza uzito wa tukio. Hayo aite mapigano.