Mifumo ya zamani darasani: ipi ifundishwe, ipi iondolewe

Ukiuliza kama chuo kikuu kifundishe mifumo endeshi na lugha za programu za zamani, tenganisha kwanza mambo mawili. Kuna ukale uliochaguliwa makusudi kwa sababu una jambo la kumwonyesha mwanafunzi, na kuna ukale uliobaki darasani kwa kuwa silabasi haijaguswa. Wa kwanza nautetea. Wa pili uondolewe hata kesho.

Mfano wa ule wa pili ni Turbo C++ 3.0, kompaila ya DOS ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambayo bado ina madarasa yake. Ilitoka kabla C++ haijapata kiwango chake rasmi cha kwanza, cha mwaka 1998. Anayeanzia hapo huzoea `#include <iostream.h>`, `void main()`, `clrscr()` na `getch()`, na siku akihamia GCC, kompaila ya kisasa, programu yake inakwama mstari wa kwanza. Tena `int` yake ni ya baiti 2, hivyo 32767 ukiongeza 1 unapata -32768, naye anaondoka akiamini ndivyo lugha ilivyo, kumbe ni tabia ya kompaila ya biti 16. Kama mhadhiri anataka kuonyesha namba inavyofurika, `int16_t` kwenye kompaila ya leo inamtosha.

Ukale wenye faida uko kwingine. Chukua Unix Toleo la 6, maarufu kama V6, la mwaka 1975. Keneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, haifiki mistari 10,000, ndiyo maana John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliweza kuwapa wanafunzi wake msimbo wote pamoja na maelezo yake katikati ya miaka ya 1970. Msimbo wa Linux umepita mistari milioni 30. Sehemu kubwa ni draiva za vifaa, sawa, lakini hata ukizitoa, kinachobaki hakimalizwi kwa muhula mmoja. Kwa V6 mwanafunzi anaweza kuufuata wito wa `read` tangu programu inapouita, ukapita kwenye bafa (hifadhi ya muda ya kumbukumbu), ukafika kwenye diski na kurudi, bila kuambiwa njiani “hapa tupaamini tu”.

MIT waliliona hilo, wakatengeneza xv6 mwaka 2006: muundo wa V6 ulioandikwa upya kwa C ya kisasa, ambao sasa unaendeshwa kwenye prosesa za RISC-V. Kwa kazi za muhula mzima chagua xv6. Inakubali GCC, inawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na gdb, zana ya kutafuta makosa, inaweza kuisimamisha popote. V6 yenyewe, au V7 iliyoifuata, iwe ya vipindi viwili au vitatu, ndani ya SIMH, programu inayoigiza PDP-11, kompyuta ya zamani iliyoendesha Unix hizo. Leseni si tatizo: kampuni ya Caldera ilizifungua Unix hizo za mwanzo Januari 2002.

Tatizo litakuwa kibodi. Kwenye mifumo hiyo alama ya `#` ndiyo inayofuta herufi moja, na `@` inafuta mstari wote. Mwanafunzi akiandika `#include` ndani ya `ed`, kihariri cha maandishi cha Unix, alama ya kwanza inapotea, na kompaila inalalamikia kitu ambacho yeye haoni kosa lake. Inabidi aandike `\#include`. Kitufe cha kufuta cha terminali nyingi za leo hutuma DEL, na DEL hapo maana yake ni kukatiza programu. Kwa hiyo anajaribu kusahihisha herufi, programu inakufa. `cd` haipo kwenye V6, ni `chdir`. Na kabla ya kubonyeza Ctrl-E kusimamisha kiigizi, aandike `sync` mara mbili, la sivyo kilichokuwa kwenye bafa hakijafika diskini na mfumo wa faili utaharibika. Hayo yote yaandikwe kwenye karatasi moja itakayogawiwa kabla ya kipindi, kwa sababu nusu ya kwanza ya maabara huweza kuliwa na `#` peke yake.

Lugha nayo ina mitego yake. C ya V6 huandika `=+` na `=-` mahali pa `+=` na `-=`. Sasa soma mstari huu: `x=-1`. Leo maana yake x ipewe -1. Kwa kompaila ya V6 maana yake x ipunguzwe 1. Ndiyo sababu alama zile zilikuja kugeuzwa. Dakika tano za mstari huo zinamfundisha mwanafunzi kuhusu sarufi yenye utata kuliko slaidi ishirini. Na akifika kwenye sehemu ya kubadilisha prosesi atakutana na lile oni mashuhuri, maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo, linalosema kwamba hatarajiwi kuelewa hapo. Mpe ajaribu hivyo hivyo. Jibu linategemea namna kompaila ya PDP-11 inavyorudi kutoka kwenye funksheni, na anayelipata ameelewa steki kwelikweli.

DOS haistahili muhula. Inastahili maabara moja ya saa mbili, na kazi yake ni moja: kuonyesha maisha bila ulinzi wa kumbukumbu. Pakia FreeDOS kwenye QEMU, na kwenye menyu ya kuwashia chagua njia isiyopakia JEMMEX wala JEMM386, programu za kusimamia kumbukumbu, ili prosesa ibaki katika hali yake halisi ya 8086. Andika `cls`, kisha `debug`, halafu:

`e b800:780 41 1f`

Herufi A nyeupe inatokea juu ya rangi ya bluu, katikati ya skrini upande wa kushoto. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Anwani hupatikana kwa kuzidisha sehemu ya kwanza mara 16 na kujumlisha ya pili. B8000 ndipo kumbukumbu ya skrini inapoanzia, kila herufi ina baiti 2 (herufi yenyewe na rangi yake), mstari una herufi 80, hivyo mstari mmoja ni baiti 160. Mistari 12 ni baiti 1920, yaani 780 kwa heksadesimali. Waache wanafunzi wakokotoe wenyewe mahali pa kuweka herufi kwenye kona ya chini kulia kabla hawajagusa kibodi, atakayekosea atajiona. Kisha:

`f 0:0 3ff 0`

Mashine inaganda. Baiti 1024 za kwanza ni jedwali la vikatizi: 256, kila kimoja baiti 4. Saa ya kompyuta hukatiza mara 18.2 kwa sekunde, na kwa kuwa anwani yake sasa ni sifuri, prosesa inakwenda kutekeleza takataka. Papo hapo waandike kwenye Linux programu fupi ya C inayojaribu kuandika kwenye anwani 0. Inauawa yenyewe peke yake, na kila kitu kingine kinaendelea. Sura ya kitabu kuhusu kurasa za kumbukumbu na hadhi za prosesa ikisomwa baada ya hapo, inasomwa na mtu anayejua inazuia nini.

COBOL, lugha ya zamani ya programu za biashara, ndiyo inayoleta ubishi mwingi, kwa sababu ya ajira. Maoni yangu ni kwamba sintaksi yake haina haja ya kozi. Programa mzuri anaisoma kwa wiki chache. Kinachochukua miaka ni JCL na CICS (lugha ya kupanga kazi na mfumo wa miamala kwenye meinfremu, kompyuta kubwa za mashirika) pamoja na kanuni za biashara zilizozikwa humo, na mambo hayo chuo hakiwezi kuyatoa kama hakina meinfremu wala mwalimu aliyeifanyia kazi. Kinachofaa kufundishwa ni data yake, maana hiyo ndiyo itakayomfuata mhitimu hata akiwa mwandishi wa Python.

Uwanja uliotangazwa `PIC S9(7)V99 COMP-3` una tarakimu 9 na ishara. Kila tarakimu inachukua nusu baiti, ishara nusu baiti, jumla baiti 5. Nukta haihifadhiwi popote. Ipo kwenye tangazo tu. Kiasi cha 12345.67 kinakaa hivi:

`00 12 34 56 7C`

C ni chanya, D ni hasi. Iandikwe kwa GnuCOBOL (`cobc -x malipo.cob`), faili litangazwe `ORGANIZATION SEQUENTIAL`, kisha likaguliwe kwa `od -An -tx1`. Wakitumia `LINE SEQUENTIAL` wataumia: namba hasi inayoishia na 0 ina baiti ya mwisho 0D, ambayo ni herufi ya udhibiti (CR), na faili la mistari haliichukulii kama data ya kawaida. Waonye pia kuhusu safu. Katika umbo la kizamani maagizo huanzia safu ya 12 na yanayopita safu ya 72 hayasomwi kabisa, hivyo nukta ya mwisho ikiangukia ya 73, sentensi haijafungwa na kosa linaripotiwa mistari kadhaa chini.

Baada ya hapo mpe mwanafunzi kosa linalotokea kazini kweli, yaani faili la meinfremu kuhamishwa kama maandishi na EBCDIC, usimbaji wa herufi wa meinfremu, kugeuzwa kuwa ASCII njiani. Aigize hivi:

`dd if=malipo.dat of=vibaya.dat conv=ascii`

Baiti ya mwisho, 7C, katika EBCDIC ni alama ya `@`, na `@` ya ASCII ni 40. Kwa hiyo 7 imekuwa 4, na ishara C imekuwa 0, ambayo si ishara. Programu ikijaribu kukokotoa namba kama hiyo kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM, inasimama kwa kosa S0C7, yaani data isiyo namba halali. Dawa ni kuhamisha faili kama baiti tupu na kugeuza uwanja mmoja mmoja kwa kufuata tangazo la rekodi. Hata nyanja za maandishi matupu zina jambo: EBCDIC hupanga herufi kabla ya tarakimu, ASCII hupanga tarakimu kwanza. Faili lililopangwa kule halijapangwa huku, na programu inayolinganisha mafaili mawili kwa mfuatano itaruka rekodi bila kulalamika.

Fortran ina nafasi ndogo lakini halali, kwenye kozi ya hesabu za kompyuta. LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki ambayo aljebra ya NumPy ya Python inaiegemea, imeandikwa kwa Fortran, na Fortran hupanga matriki safu kwa safu ilhali C hupanga mstari kwa mstari. Geuza mpangilio wa vitanzi viwili kwenye matriki kubwa, pima muda, na kashe ya prosesa itajieleza. Ukitaka kuonyesha kwa nini `IMPLICIT NONE`, agizo linalolazimisha kila kigeu kitangazwe, ni lazima, andika `DO 10 I = 1.10` kwa umbo la kizamani. Nukta imekaa mahali pa koma, nafasi hazihesabiwi, na kompaila inaona kigeu kiitwacho DO10I kikipewa 1.10. Kitanzi hakipo tena, na hakuna kosa lililoripotiwa.

Mitihani ya sehemu hizi isiulize amri. Mpe mtahiniwa baiti tano na tangazo la rekodi aseme ni kiasi gani, au mpe mistari kumi ya xv6 aeleze kufuli ikiondolewa nini kitaharibika.

Upande wa maabara, kila mwanafunzi apewe nakala yake ya diski ya kiigizi na ile ya asili ibaki isiyoandikika, kwa sababu zoezi la vikatizi litarudiwa mara nyingi. QEMU iwashwe kwa `-nic none`. Windows XP, ambayo iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, isiunganishwe kwenye mtandao wa chuo hata kwa dakika moja, na sioni zoezi la darasani linaloihitaji.