Je, wajua kwa nini ni vigumu kuunda aina mpya ya binadamu wa vita?

Hadithi za kubuni za sayansi, hasa zile za vita vya angani, zina kisa kinachorudi kila mara. Serikali inabadili vinasaba vya watoto, wanazaliwa askari wasiochoka, na baada ya vizazi kadhaa wamekuwa binadamu wa aina nyingine wanaopigana na sisi tuliobaki. Je, jambo hilo linawezekana?

Kubadili vinasaba vya mtoto kumeshafanyika. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowabadili wakiwa viinitete, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Ugumu uko kwingine, na mfano wake tunao hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka nchini akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliwakuta wengi wenye jeni (kinasaba) ya selimundu. Nyanda za juu, ambako mbu ni haba, walikuwa wachache mno. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo hukinga dhidi ya malaria.

Tazama kilichobadilika: herufi moja tu katika maelekezo ya vinasaba ya kutengeneza himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, A ikawa T. Mtoto aliyerithi nakala moja ana kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, chembe zake nyekundu hupinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, naye hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa selimundu anajua ninachosema.

Sasa mvalishe gwanda yule mwenye nakala moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia karibu wanajeshi weusi 48,000 wa Marekani, ulikuta kwamba wenye jeni hiyo hawakufa zaidi ya wenzao, ila hatari ya misuli yao kuharibika na kumwaga mabaki yake kwenye damu ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 54. Jeni inayomwokoa mtu penye mbu inamgharimu kwenye mazoezi ya jeshi. Kwa sababu hiyo mimi huiamini zaidi hadithi ambayo askari wake bora anaulipia ubora wake mahali fulani mwilini.

Na hata akitengenezwa vizuri, bado hajawa aina nyingine ya binadamu. Viumbe hutengana pale makundi mawili yanapoacha kuzaliana kwa muda mrefu mno. Mababu zetu walitengana na Waneanderthali, binadamu wa kale waliokwishatoweka, kwa miaka laki kadhaa, hata mifupa ikatofautiana, lakini walipokutana tena walizaa pamoja. Hadi leo watu wenye asili ya nje ya Afrika wana takriban asilimia 1 hadi 2 ya urithi huo. Watibeti nao wana jeni inayowasaidia kuishi milimani penye hewa nyepesi, waliyoipata kwa Wadenisova, binadamu wengine wa kale waliotoweka pia.

Kwa hiyo kikosi cha maabara kikipewa likizo kwenda mjini, wakaoa na kuolewa, mpaka utaanza kufutika kwa wajukuu. Mwandishi analazimika kujenga ukuta: sayari ya mbali, sheria kali za ndoa, au askari wasioweza kuzaa.

Mcheki Karel Čapek alichagua huo wa mwisho katika tamthilia yake ya mwaka 1920, ile iliyoipa dunia neno roboti. Roboti wake si wa chuma. Ni wa nyama iliyotengenezwa kiwandani, wanapelekwa vitani, na hawazai. Wanaasi na kuwaua binadamu wote isipokuwa mjenzi mmoja mzee. Mwishoni roboti wawili, wa kiume na wa kike, wanapendana kiasi kwamba kila mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Mzee yule anawafungulia njia waende zao, akiwaita Adamu na Hawa.