Utando wa kizazi ukionekana mnene baada ya hedhi kukoma

Wanawake wengi wananijia kliniki na bahasha ya ultrasaundi mkononi. Mara nyingi mama alikwenda kupimwa figo au maumivu ya tumbo, akarudi na sentensi moja inayomnyima usingizi: utando wa ndani ya kizazi ni mnene, milimita 8. Kabla ya kuzungumzia milimita hizo, humuuliza: "Mama, tangu hedhi ikome, umewahi kuona damu yoyote, hata doa la kahawia kwenye nguo ya ndani?"

Jibu lake ndilo linaloamua njia tutakayofuata. Hedhi ikishakoma, ovari hupunguza mno estrojeni, homoni ya kike inayoukuza utando, na utando husinyaa. Ukinenepa, mara nyingi ni polipu, yaani kijinyama kilichoota ndani, na nyingi hazina saratani. Pengine ni estrojeni inayotengenezwa kwenye mafuta ya mwili, ambayo huuchochea utando pasipo projesteroni, homoni nyingine ya kike, ya kuuzuia, na ndiyo maana uzito mkubwa na kisukari huniongezea hadhari. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, nayo huubadilisha utando.

Kwa mama asiyetokwa na damu, uwezekano wa saratani ni mdogo, na wengi wetu huanza kufikiria kuchukua sampuli utando unapovuka milimita 11, au mapema zaidi akiwa na vihatarishi au kuna saratani ya kizazi na ya utumbo mpana katika ukoo wake. Kumtoa kizazi mama huyo kwa sababu ya milimita 8 pekee ni jambo ninalolipinga kabisa.

Anayetokwa na damu ana habari nyingine. Takriban wanawake tisa kati ya kumi wanaopata saratani hii baada ya hedhi kukoma hutokwa na damu, ingawa wengi wanaotokwa na damu hawana saratani. Kwake kipimo kikizidi milimita 4, tunachukua sampuli kwa mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Ni kazi ya dakika chache, hakuna kulazwa, ila tumbo hunyonga kama la hedhi. Maabara ikikuta utando umekua kupita kiasi lakini seli zake ni za kawaida, projesteroni, hasa kitanzi chenye homoni, hutibu wengi. Seli zikiwa zimebadilika, kwa kawaida tunashauri upasuaji.

Nasisitiza jambo moja kwa sababu linatuhusu sana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu wanawake Weusi ulikuta takriban saratani moja kati ya kumi kwenye utando usiofika milimita 5. Faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio wa saratani, ambazo ni nyingi kwetu, huuficha utando usipimike vizuri, na baadhi ya saratani kali huanzia kwenye utando mwembamba. Kwa hiyo damu ikirudi, mama arudi hospitali na aombe sampuli ichukuliwe, hata kama ripoti ya kwanza ilisema milimita 3.