Panya Road, viboko na mitaji: yanayosemwa kuhusu vijana walio hatarini, na yaliyopimwa

Usiku wa Januari 2, 2015, mitaa mingi ya Dar es Salaam ilifunga milango mapema. Habari zilikuwa zinapita kwenye simu kwamba Panya Road wameingia: kundi la vijana wadogo wenye mapanga, wanaopora kila wanayekutana naye. Siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia. Septemba 2022 jina hilo likasikika tena, na maneno vibarazani yakawa yale yale: wazolewe wote, wachapwe, wapewe kazi, wazazi wao washitakiwe. Karibu kila moja ya hoja hizo imeshapimwa na watafiti mahali fulani duniani. Majibu yake hayafanani sana na tunavyodhani.

“Vijana wa mtaa ule ni wale wale”

Marekani walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 na mtafiti Marvin Wolfgang na wenzake. Zaidi ya theluthi ya wavulana hao walikuwa wameingia kwenye daftari la polisi kabla ya kufikisha miaka 18. Ukiishia hapo utasema kizazi kizima kimeoza. Lakini karibu nusu ya hao waliokosea hawakurudia tena baada ya kosa la kwanza, na wavulana 627 peke yao, kama asilimia 6 ya wote, ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa.

Chukua hesabu hiyo uipeleke mitaa ya Dar es Salaam kama Tandale au Mbagala. Msako unaozoa kijiwe kizima unawabeba wacheza drafti, dereva bodaboda anayesubiri abiria na mdogo wake mtu aliyetumwa sigara. Wachache wanaotafutwa mara nyingi wameshaondoka. Waliobaki wanalala mahabusu pamoja na watu ambao wasingewafahamu kamwe. Kinga ya uhalifu inayofaa huanza kwa kuwajua wale wachache, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na walimu wa shule ya msingi huwa wanawajua mapema kuliko polisi. (Kuwajua ili wasaidiwe, lakini. Orodha ya namna hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye kisasi ni hatari nyingine.)

“Wapelekwe jela wakaone, wataogopa”

Hii inapendwa na wazazi, walimu, na hata viongozi wa dini. Katika gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, wafungwa wa vifungo vya maisha walipewa kazi ya kuwapigia kelele na kuwatisha watoto watukutu waliopelekwa kuwatembelea. Habari zilienea, majimbo mengine yakaiga, na kila mtu aliona kwa macho yake watoto wakitoka wanalia.

Mtafiti Anthony Petrosino na wenzake baadaye walikusanya majaribio tisa ya mipango ya aina hiyo, yale ambayo watoto waligawanywa bila upendeleo, wengine wakapelekwa gerezani na wengine wakaachwa. Waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa. Yaani kutofanya chochote kulikuwa bora.

Sababu haijakubalika na wote, ila kwa anayewajua vijana wa miaka kumi na tano si ngumu kukisia. Hofu ya Jumamosi inaisha Jumatatu. Kinachobaki ni hadithi ya kusimulia maskani, na anayesimulia kwamba alisimama uso kwa uso na wauaji anapanda cheo. Tanzania hata kisheria njia hiyo ina mwisho: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anayemwambia mwanawe “nitakufunga” anatishia kitu ambacho mahakama haiwezi kumfanyia, na mtoto hugundua haraka.

“Wakusanyeni pamoja, kambi, semina, wapewe nasaha”

Hapa ndipo wenye nia njema huteleza zaidi. Mwaka 1939, Massachusetts, Marekani, ulianza mpango uliohusu wavulana 506. Nusu walipewa washauri waliowatembelea nyumbani kwa wastani wa miaka mitano na zaidi, wakasaidiwa masomo, matibabu na mapumziko. Nusu waliachwa na maisha yao. Mtafiti Joan McCord alipowatafuta miaka 30 baadaye, wengi wa waliosaidiwa walisema mpango uliwafaa. Rekodi zilisema vingine: ulevi, kurudia makosa na vifo vya mapema vilikuwa vingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao walioachwa. Baadaye McCord, akiandika na mtafiti mwenzake Thomas Dishion, alionyesha kwamba madhara yalikuwa makubwa hasa kwa wavulana waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja. Kambini, mtoto mtukutu alikutana na wenzake wa kumchekea kila anapojisifu kwa uhuni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mfadhili anayekuja na kambi si “watalala wapi na watakula nini”. Ni nani atakuwa nao saa mbili usiku, na wakicheka watakuwa wanacheka nini.

“Tatizo ni ajira tu. Wape mtaji”

Nusu ya hii ni kweli, ndiyo maana inadumu. Mfano bora ninaoujua uko hapa hapa Afrika. Kati ya mwaka 2009 na 2011, jijini Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, kuuza dawa za kulevya na ugomvi, baadhi yao wapiganaji wa zamani wa vita, waliingizwa kwenye jaribio la watafiti Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa dola 200 taslimu. Wengine walipewa wiki nane za mazoezi ya kitabia. Wengine walipewa vyote viwili, na waliobaki hawakupewa kitu.

Mazoezi yale hayakuwa mahubiri. Waliyaongoza watu waliowahi kuishi maisha hayo hayo kisha wakaacha. Washiriki walifundishwa kusubiri kidogo kabla ya kujibu tusi, kupanga matumizi, kunyoa na kuvaa nguo safi. Kisha walipewa kazi ya kufanya: ingia benki, ingia dukani, ongea na wenye shughuli zao bila kufukuzwa. Kijana aliyezoea kukimbiwa alikuwa anajifunza kusimama kwenye foleni kama mteja.

Matokeo yalikuja hivi. Pesa peke yake iliinua kipato kwa muda mfupi, kisha athari yake ikapotea. Mazoezi peke yake yalisaidia, nayo yakafifia. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa kudumu. Watafiti walipowarudia baada ya miaka kumi hivi, uhalifu na ukatili ulikuwa umepungua karibu nusu kwao.

Mtu atauliza: si hao nao walikusanywa pamoja? Walikusanywa, ila kwa saa chache, na kila saa ilikuwa na mwongozaji na kazi yake, halafu walirudi makwao. Tofauti na kambi ni hiyo.

Kwetu halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni mpango mzuri wa mtaji. Lakini unamhitaji mtu mzima wa miaka 18, aliye kwenye kikundi kilichosajiliwa, chenye viongozi na akaunti. Aliyeishia darasa la saba akiwa na miaka 14 anasubiri miaka minne kabla mlango huo haujafunguka, na kwa miaka hiyo minne maskani ndiyo inayomlea. Fedha ya kinga nchini ingewekwa hapo kwanza, kwa maoni yangu, kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.

“Wazazi wameshindwa kulea”

Wapo. Lakini kulaumu hakujawahi kumfundisha mtu kulea. Huko Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 kutoka maeneo 40 zilishiriki jaribio la mpango wa vikao 14 ambavyo mzazi na kijana huhudhuria pamoja: kuongea bila kupigana, kuweka kanuni, kupanga pesa ya nyumbani. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha ukatili kwa watoto umepungua, na ulevi pia, kwa wazazi na vijana wote. Tabia mbaya za vijana zenyewe hazikubadilika sana, na waandaaji walilisema hilo wazi. Walioongoza vikao hawakuwa wataalamu wenye shahada, bali watu wa jamii waliopewa mafunzo.

“Akishakuwa teja, amekwisha”

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, kwa waathirika wa heroini, na huduma ikaenea hadi Mwananyamala, Temeke na mikoani. Kwa kawaida mgonjwa hufika kituoni kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa ya kulevya, inayomsukuma kuiba inatulia.