Futikamba yenye kulabu inayocheza ni nzima, acheni kuigonga nyundo

Nimechoka kuona futikamba zilizopigwa nyundo kwenye kulabu, kile kibati kilichopindwa mwanzoni mwa utepe. Vijana wanaokuja kujifunza useremala wanakuja nazo, mafundi wa mtaani wanazo, na hata wateja wanaojipimia nafasi ya kabati nyumbani wananipigia simu: "Fundi, ile futikamba ilikuwa imelegea pale mbele, nimeikaza." Nikishasikia "nimeikaza", kipimo kinachofuata sikiandiki. Naenda kupima mwenyewe.

Dhana: kulabu ikicheza, futikamba imeharibika

Kulabu imetengenezwa icheze. Chukua futikamba yako sasa hivi uitazame pale mwanzo. Utaona ribiti zilizoishika kulabu kwenye utepe, na ukiitingisha utaona matundu ya ribiti hizo hayabani: yamerefushwa kidogo kufuata urefu wa utepe. Nafasi hiyo ndiyo inayoiruhusu kulabu kwenda mbele na kurudi nyuma, na kiasi inachotembea ni sawa na unene wa bati la kulabu yenyewe, kwa kawaida kama milimita 1.

Kwa nini unene ule ule? Ukipima mbao kwa nje, unaikwamisha kulabu ukingoni na kuvuta utepe. Kulabu inatoka mbele, na uso wake wa ndani, ule unaogusa mbao, unakaa kwenye sifuri. Ukipima kwa ndani, mathalani upana wa fremu au nafasi kati ya kuta mbili, unaisukuma kulabu mpaka iguse ukuta. Inarudi nyuma kwa unene wake, na safari hii uso wa nje ndio unaokaa kwenye sifuri. Sifuri inahama pale inapotakiwa, bila wewe kufanya hesabu yoyote.

Sasa wewe umeigonga ribiti ikakaza. Kama imekazwa ikiwa mbele, vipimo vya nje vitabaki sahihi, lakini kila kipimo cha ndani kitasoma pungufu. Kama imekazwa ikiwa nyuma, vya ndani vitakuwa sawa, na kila kipande utakachokwamishia kulabu na kukipigia alama kitatoka kifupi. Hakuna namna ya kuikaza ikabaki sahihi kote kuwili. Mtu atasema milimita 1 si kitu. Kwenye mlango wa banda la kuku ni kweli. Lakini kwenye kabati la jikoni lenye milango 4 mfululizo, nafasi imepimwa kwa ndani na milango imepimwa kwa nje, tayari una milimita 4 za kutafutia pa kuzificha, na mteja ataiona mianya kabla hajaiona rangi.

Kinachoiharibu kulabu kweli ni vitu vingine. Cha kwanza ni kuuachia utepe urudi wenyewe kwa kasi ukajipige kwenye kasha; kila kishindo kinayapanua matundu ya ribiti. Cha pili ni kuiangusha, kulabu ikapinda. Cha tatu ni gundi iliyokaukia nyuma yake, na hii ndiyo naikuta mara nyingi kuliko zote. Kwa hiyo ipime: chukua ubao ulionyooka, piga mstari mwembamba sentimita 30 kutoka ukingoni kwa rula nzuri ya chuma. Kwamisha kulabu, vuta, soma. Kisha bananisha kipande cha mbao kwenye ukingo ule ule, sukuma kulabu ikiguse, soma tena mstari ule ule. Masomo yote mawili yawe milimita 300. Yakitofautiana, safisha gundi kwanza, halafu angalia kama kulabu imesimama wima. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa koleo. Matundu yakiwa yamekwisha kutanuka, nunua nyingine. Nyundo haina kazi hapo.

Kuna wanaoikwepa kulabu kwa kuanzia kwenye alama ya sentimita 10. Ni njia nzuri, nami naitumia kwenye kazi za kubana. Ila andika kipimo ukiwa umeshatoa 10, usiache ya kutoa baadaye. Mbao iliyokatwa ikazidi sentimita 10 bado utaikata tena. Iliyopungua sentimita 10 ni kuni.

Dhana: futikamba zote zinasoma sawa, mradi ni mpya

Haziko sawa, na wala hazilazimiki kuwa sawa. Nyingi zina namba ya Kirumi iliyochapwa karibu na mwanzo wa utepe: I, II au III. Hilo ni daraja la usahihi. Kwa kanuni za Ulaya, futikamba ya mita 5 ya daraja la II inaruhusiwa kukosea takriban milimita 1.3 kwa urefu wake wote. Daraja la I ni kama 0.6, na la III ni kama 2.6. Maana yake, futikamba mbili za daraja la II, moja ikizidisha na nyingine ikipunguza, zinaweza kupishana zaidi ya milimita 2 na zote zikawa halali. Isiyo na alama yoyote, hapo unaamini bahati.

Ndiyo maana nasisitiza: kazi moja, futikamba moja. Iliyopima nyumbani kwa mteja ndiyo hiyo hiyo ikatie karakanani. Ikiwa inakosea, itakosea vile vile kila mahali na vipande vitaoana. Matatizo mengi ninayoyaona hapa Keko, Dar es Salaam, yanaanzia pale mmoja anapopima na ya kwake, mwenzake anakata na ya kwake.

Na palipo na vipande vingi vya urefu mmoja, achana na namba kabisa. Chukua ufito ulionyooka, uupeleke kwenye nafasi yenyewe, piga alama zote hapo kwa kisu, rudi nao karakanani. Kipande cha kwanza kikishakaa, hicho ndicho kipimo cha vingine, siyo cha pili kwa cha tatu na cha tatu kwa cha nne.

Dhana: inchi ni senti mbili na nusu

Ni milimita 25.4 kamili, tangu makubaliano ya kimataifa ya 1959. Mlango wa futi 7 ni inchi 84. Ukizidisha kwa 25 unapata 2,100. Hesabu sahihi ni 2,133.6. Umepoteza zaidi ya sentimita 3 kwenye mlango mmoja. Chagua upande mmoja wa utepe, ubaki nao mpaka kazi iishe.

Dhana: guni ya chuma haiwezi kukosea

Guni, kile kifaa cha kupimia kona mraba, ikianguka mara moja tu kwenye sakafu ya zege, inaweza. Ibananishe kwenye ukingo ulionyooka, piga mstari, igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari ikiachana, mwanya unaouona ni kosa la guni mara mbili.

Na wanaojitetea kwa kupima fremu kona kwa kona ili kujua kama ni mraba: vipimo hivyo viwili kulingana havitoshi. Fremu iliyo pana chini na nyembamba juu, ikiwa pande zake zimeinama sawasawa, nayo italingana kona kwa kona. Hakikisha kwanza pande zinazotazamana zina urefu mmoja.

Dhana: cha dijitali ndicho sahihi zaidi

Vernia ya dijitali, kile kipimo cha taya mbili, inaonyesha hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Mbao ukiibana kwa nguvu kidogo inabonyea zaidi ya hapo. Itumie kwa unene wa plaiwudi na vipenyo vya keekee, basi.

Dhana: ukipima vizuri leo, kesho itakuwa vile vile

Chuma cha futikamba hutanuka kwa joto, lakini kwa mita 2 kwenye joto la Dar es Salaam ni sehemu ya tatu tu ya milimita. Mbao ndiyo inayohama. Ubao wa paini wa shamba la miti la Sao Hill wenye upana wa sentimita 20, ukinunuliwa ukiwa bado na maji, unaweza kupungua upana kwa milimita kadhaa ukikauka, na urefu wake usibadilike kwa kiasi cha kuonekana. Mninga umetulia zaidi, ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango. Kwa hiyo panga mbao ndani ya karakana ukiweka vijiti katikati hewa ipite, na upana wa paneli upime siku ya kukata, siyo siku mzigo ulipofika. Ndani ya mfereji wa fremu uiachie paneli nafasi ya kutanuka, na gundi usiiweke hapo.